Gari Lako Linalala Wapi?

Kwenye kituo cha petroli, mwenye jumba na mpangaji wa chumba kimoja husimama mbele ya pampu moja na kulipa bei moja. Mafuta hayaulizi mtu anaishi wapi. Huo ni usawa ambao hatukuwahi kuusifu kwa sababu hatukujua kama upo. Gari la umeme limetuonyesha kwa kuuondoa. Magari mawili ya aina moja, yenye betri sawa, yanayokwenda kilomita zilezile, yanaweza kuwatoza wenyewe gharama zinazopishana mara mbili na zaidi. Kinachoamua ni mahali gari linapolala.

Anayeegesha uani kwake huchomeka waya jioni, akalala, akaamka betri imejaa kwa bei ya umeme wa nyumbani. Anayeishi ghorofani na kuacha gari kando ya barabara hana pa kuchomeka, kwa hiyo hununua umeme uleule kituoni kwa bei nyingine kabisa. Mjadala kuhusu jambo hili umejaa hasira. Wapo wanaosema wenye vituo ni wanyonyaji, na wapo wanaosema biashara ni biashara, asiyeweza aache. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinapotea mahali pamoja: zinaichukulia tofauti ya bei kama kitu kimoja, wakati ni vitu viwili vilivyofungwa kwenye furushi moja. Sehemu moja ni gharama ya kweli ambayo lazima mtu ailipe. Sehemu nyingine imetungwa na wanadamu kwa sheria, kodi na namna ya kupanga bei, na wanadamu wanaweza kuiondoa. Tulifungue furushi.

Uniti, na kasi ya uniti

Umeme wa gari huuzwa kwa kipimo kilekile cha umeme wa taa na pasi: uniti, yaani kilowati-saa moja. Gari la kawaida la umeme hutumia kati ya uniti 15 na 20 kwa kilomita 100. Betri nyingi hubeba uniti 40 hadi 80.

Kilowati ni jambo jingine, na wengi huchanganya hapa. Fikiria pipa la maji. Uniti ni maji yaliyomo, kilowati ni upana wa bomba linalolijaza. Soketi ya kawaida ya ukutani katika nchi zenye umeme wa volti 230 inaweza kutoa kama kilowati 2.3 kwa muda mrefu bila kupata joto la hatari. Ni bomba jembamba, lakini kwa saa kumi za usiku linamimina uniti 23, zinazotosha kilomita mia na ushee. Chaja maalumu ya nyumbani hutoa kama kilowati 7.4. Chaja za haraka za barabarani huanzia kilowati 50, na kubwa zake hufika 350 na zaidi.

Betri hupokea umeme wa mkondo mnyoofu tu, yaani unaokwenda upande mmoja, ilhali ukuta hutoa mkondo geu, unaogeuza mwelekeo kila mara. Nyumbani, kazi ya kugeuza hufanywa na kifaa kidogo kilichomo ndani ya gari. Kwenye chaja ya haraka, kigeuzi ni lile kabati kubwa lililosimama nje, na mwenye kituo ndiye aliyelinunua. (Kwa haki ya hesabu: kifaa cha garini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya umeme njiani, na mita ya nyumbani huihesabu hasara hiyo, kwa hiyo umeme wa nyumbani ni ghali kidogo kuliko bei yake inavyoonyesha. Lakini hilo halifuti pengo tunalolizungumzia.)

Sasa tuweke namba. Nitatumia sarafu za kubuni ili hesabu isifungwe na nchi yoyote. Tuseme uniti moja nyumbani ni sarafu 15, na kwenye chaja ya haraka ni sarafu 45. Gari linakula uniti 18 kwa kilomita 100, na kila dereva anakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, yaani uniti 2,700. Dereva wa kwanza anachaji nyumbani mara tisa katika kumi, na kituoni pale tu anaposafiri mbali. Wastani wake ni sarafu 18 kwa uniti, na mwaka unamgharimu sarafu 48,600. Wa pili hana pa kuchajia ila kituoni. Mwaka wake ni sarafu 121,500.

Ongeza gari la petroli kwenye meza hiyohiyo. Likinywa lita 7 kwa kilomita 100, na lita ikiwa sarafu 100, kilomita hizo 100 ni sarafu 700. Dereva wa kwanza analipa 324. Wa pili analipa 810. Kwa namba hizi, mmoja ameachana na petroli na kupunguza matumizi kwa zaidi ya nusu, na mwenzake ameachana na petroli akatozwa zaidi kwa uamuzi uleule. Badilisha namba utakavyo kulingana na bei unazozijua, umbo la tatizo litabaki hilo.

Kwa nini kituo ni ghali kweli

Tuanze na sehemu ya furushi isiyofutika kwa hasira.

Nyumbani, karibu kila kitu kilikuwepo kabla ya gari kuja. Waya umefika, mita ipo, nguzo ilishalipiwa. Zaidi ya hayo, gari huchajiwa saa ambazo umeme hauna wateja. Mitambo na nyaya hujengwa kwa ukubwa wa kutosheleza saa ya jioni, pale kila nyumba inapowasha kila kitu kwa pamoja. Ikifika saa nane za usiku sehemu kubwa ya uwezo huo imekaa bure. Mashirika ya umeme yamelijua hilo siku nyingi. Uingereza ilianzisha mwaka 1978 mpango wa bei nafuu kwa saa saba za usiku, ukijulikana kama Economy 7, kwa ajili ya vifaa vya kupasha nyumba joto, vinavyohifadhi joto la usiku kwa matumizi ya mchana. Gari la umeme limerithi tu nafuu hiyo ya kale.

Mwenye kituo cha haraka hana urithi huo. Hukodi ardhi, hununua makabati, huchimba mtaro wa nyaya nene, na mara nyingi hulipia transfoma yake mwenyewe. Dereva anayekuja kwake hawezi kungoja saa nane za usiku. Anataka umeme sasa hivi, adhuhuri au jioni, na anataka mwingi.

Halafu kuna tozo ambayo dereva haioni kamwe kwenye risiti, nayo katika nchi nyingi ndiyo inayovunja vituo mgongo. Mteja mkubwa wa umeme halipii uniti tu. Hulipia pia kilele: kiwango cha juu kabisa cha kilowati alichowahi kuvuta ndani ya mwezi, hata kama kilidumu robo saa tu. Sababu ina mantiki. Shirika la umeme linalazimika kuweka nyaya na transfoma za kubeba kilele hicho, kitokee kila siku au mara moja.

Chukua kituo chenye chaja nne za kilowati 150 kila moja, na tozo ya kilele ya sarafu 1,500 kwa kilowati kwa mwezi. Kituo kiko njia isiyo na magari mengi ya umeme. Kwa wastani magari matatu au manne hufika kwa siku, na kwa mwezi mzima kinauza uniti 3,000. Siku moja magari mawili yanafika kwa wakati mmoja, na mita inasoma kilowati 300. Basi. Mwisho wa mwezi tozo ya kilele ni sarafu 450,000, na ukiigawa kwa uniti zilizouzwa inakuwa sarafu 150 kwa kila uniti, kabla hata ya kununua umeme wenyewe. Hakuna dereva atakayelipa hivyo, kwa hiyo mwenye kituo anakula hasara na kuomba magari yaongezeke.

Sasa kipeleke kituo kilekile kwenye barabara yenye shughuli. Magari sitini kwa siku, uniti 60,000 kwa mwezi, chaja zote nne zimewahi kutumika pamoja, kilele kilowati 600. Tozo ni sarafu 900,000, lakini kwa kila uniti ni sarafu 15 tu. Vifaa ni vilevile na tozo ni ileile, ila mzigo wa kila uniti umepungua mara kumi. Ni kama basi: likiwa na abiria wawili linakula mafuta karibu sawa na likiwa limejaa, na nauli lazima itoke kwa waliomo.

Na walio ndani ya basi hili ni akina nani? Hapa ndipo gharama inapogusana na haki. Mwenye chaja nyumbani huja kituoni mara chache, anaposafiri, na hasa siku za sikukuu ambapo kila mtu anasafiri pamoja naye. Kituo lazima kijengwe kwa ukubwa wa siku hizo. Siku nyingine zote za mwaka anayefika ni yule asiye na pengine pa kwenda, na bei anayolipa imebeba ndani yake makabati yaliyosimama matupu yakisubiri msimu wa safari. Asiye na uchaguzi ndiye anayelipia uwepo wa huduma ambayo mwenzake anaitumia kwa nadra. Sijui namna ya kuliita hilo haki.

Sehemu iliyotungwa

Hayo yote ni fizikia na hesabu. Tugeukie yaliyoandikwa kwa kalamu.

Uingereza ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Kwa miaka mingi umeme wa nyumbani umetozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, kwa hoja kwamba ni hitaji la msingi la familia, na umeme wa chaja za umma ukatozwa asilimia 20. Waliotunga punguzo lile hawakuwa na nia mbaya. Hawakuwa wakifikiria magari hata kidogo. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye ua alichaji gari kwa kodi ya hitaji la msingi, na aliyeegesha mtaani akatozwa kodi ya bidhaa ya kawaida, kwa uniti ileile. Wanaharakati wa huko, wakiwemo kundi la FairCharge, wameipinga kwa nguvu, na wengi huiita kodi ya ukingo wa barabara. Jina limekaa vizuri.

Marekani, jimbo la Iowa limefika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine. Magari ya umeme hayalipi ushuru wa petroli unaotunza barabara, na ni halali kabisa kutafuta namna ya kuyachangisha. Jimbo hilo likaweka ada ya ziada ya usajili kwa kila gari la umeme, kisha kuanzia Julai 2023 likaweka ushuru wa senti 2.6 kwa uniti inayouzwa kwenye chaja zisizo za nyumbani. Mwenye soketi yake analipa ada tu. Asiye nayo analipa ada, na ushuru juu yake. Iliyokusudiwa kuwa kodi ya barabara imegeuka, kwa sehemu, kuwa kodi ya kutokuwa na maegesho.

Namna ya kupanga bei nayo ina mitego, na mbaya kuliko yote machoni pangu ni kuuza umeme kwa dakika. Yapo majimbo ya Marekani ambako kwa muda mrefu ni mashirika ya umeme tu yaliyoruhusiwa kisheria kuuza uniti, kwa hiyo vituo vikauza muda. Inaonekana sawa kwa wote hadi uangalie magari. Gari jipya la bei kubwa linaloweza kupokea kilowati 150 litaingiza hadi uniti 75 kwa nusu saa. Gari la zamani la mtumba, ambalo kikomo chake ni kilowati 50, litaingiza 25. Dakika ni thelathini kwa wote wawili, pesa ni ileile, na mwenye mtumba amelipa mara tatu kwa kila uniti. Betri ikiwa baridi, au ikishavuka asilimia 80, hupokea polepole zaidi, na mita ya dakika inaendelea kuhesabu bila huruma.

Hilo linarekebishika, na sehemu nyingine limerekebishwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024 zinataka chaja mpya za kilowati 50 na zaidi ziuze kwa uniti na zikubali kadi ya benki, badala ya kumlazimisha dereva kupakua programu ya kila kampuni. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2023, imeamuru bei ionyeshwe kwa peni kwa kila uniti. Ada ya dakika imeachwa kwa jambo moja tu ambalo naliunga mkono bila kusita: kumtoza anayeliacha gari likiwa limejaa huku wengine wamepanga foleni. Hapo kinachouzwa ni nafasi, na nafasi hupimwa kwa muda.

Bei za wanachama ni suala jepesi zaidi, ila zinauma palepale. Lipa ada ya kila mwezi, upate uniti kwa bei ya chini. Anayeweza kulipa mapema anapata nafuu, na anayehesabu siku hadi mshahara anabaki na bei ya mpita njia.

Pingamizi mbili zinazostahili jibu

Ya kwanza husema: mwenye gari la umeme si maskini, tusimlilie. Ilikuwa kweli kwa wanunuzi wa mwanzo. Lakini magari hayakai na mnunuzi wa kwanza. Yanashuka hadi kwa wanunuzi wa mtumba, na hao ndio zaidi wanaopanga, wanaoishi ghorofani, wanaoegesha popote panapopatikana. Gari linapowafikia bei yake imeshuka, umeme wake umepanda.

Ya pili ni nzito zaidi. Tukishusha bei ya kituo kwa kuhamisha gharama ya nyaya kwenye bili za watu wote, atakayelipa ni pamoja na bibi asiye na gari, mwenye taa tatu na redio. Hilo nalo si haki, na yeyote anayedai umeme wa bei rahisi vituoni lazima aseme nani atabeba kinachobaki. Tusisahau kuwa chaja za nyumbani zina dhambi hiyohiyo. Mtaa mzima ukirudi kazini na kuchomeka saa kumi na mbili jioni, transfoma ya mtaa itazidiwa, na ukubwa wake mpya utalipwa na majirani wote. Ndiyo maana Uingereza, tangu tarehe 30 Juni 2022, inataka chaja mpya za nyumbani ziuzwe zikiwa tayari zimepangwa kukwepa saa za msongamano. Mwenyewe anaweza kubadilisha mpangilio, lakini wengi hawagusi kilichokuja kimepangwa, na mtaa unapumua.

Kuipeleka soketi gari linapolala

Kwa hiyo sidhani kwamba haki ni chaja ya haraka kuuzwa kwa bei ya nyumbani. Umeme wa dakika ishirini ni bidhaa nyingine, yenye gharama nyingine, na utabaki ghali kiasi. Dhuluma ni mtu kulazimika kununua bidhaa hiyo kwa safari zake za kila siku, eti kwa sababu hana ua. Kumbuka ile soketi ya kilowati 2.3: saa kumi za usiku zinatosha kilomita mia moja. Asiye na ua hahitaji kabati la kilowati 150. Anahitaji soketi ndogo mahali gari linapolala.

Nayo inawezekana. Mwezi Machi 2020, kwenye barabara ya Sutherland Avenue huko Westminster, London, nguzo 24 za taa za barabarani zilifungwa soketi za kuchajia magari. Waya ulikuwa ndani ya nguzo tayari, na mtaro haukuhitaji kuchimbwa. Miji mingine ya huko inaruhusu mwenye nyumba isiyo na ua kuchonga mfereji mwembamba wenye kifuniko kwenye njia ya waenda kwa miguu, waya upite bila kumkwaza mtu.

Kwa wapangaji na wakazi wa maghorofa kizuizi huwa ruhusa kuliko waya. Mwenye nyumba hana haraka ya kufunga chaja itakayompunguzia gharama mpangaji, na mpangaji haoni kwa nini atumie pesa kwenye ukuta ambao ataondoka na kuuacha. Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Desemba 2020, imempa mkazi haki ya kisheria ya kudai ruhusa ya kufunga chaja kwenye maegesho yake, kwa gharama yake. Inasaidia, ingawa asiye na maegesho kabisa haimgusi. Yeye atategemea nguzo ya mtaani, au mahali pa kazi, ambako gari husimama mchana kutwa huku paneli za jua zikizalisha umeme mwingi kuliko unaohitajika.

Anabaki mmoja ambaye hayo yote hayamfikii: dereva wa teksi, hasa gari linaloendeshwa kwa zamu, mmoja akishuka mwenzake anapanda. Gari hilo halilali. Linakwenda kilomita nyingi kuliko gari lolote la familia, na kila uniti yake inatoka kwenye chaja ya haraka. Kwake dawa iko kwenye bei ya kituo chenyewe: kodi iwe sawa na ya nyumbani, kituo kiwekewe betri kubwa inayojazwa polepole na kumimina haraka ili kilele kisipande, na tozo ya kilele ilegezwe katika miaka ya mwanzo ambapo wateja ni wachache. Southern California Edison, shirika la umeme la kusini mwa California, lilifanya hilo la mwisho mwaka 2019: liliondoa tozo ya kilele kwa vituo vya magari kwa miaka mitano, kisha likapanga kuirudisha kidogokidogo kadiri magari yanavyoongezeka. Kwenye hesabu yetu ya kituo cha magari manne kwa siku, hizo ni sarafu 150 zinazotoka kwenye kila uniti.